Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Kompyuta Zone Industrielle Bila Kusomea

Ndugu yangu, sogea karibu, maneno haya si ya kupigiwa kelele. Kompyuta yako ya nyumbani inazimika yenyewe. Leo imezimika katikati ya filamu, kesho katikati ya barua ya kuomba kazi, keshokutwa haizimiki kabisa, ili ikuaibishe mbele ya fundi uliyemwita. Watoto wanakutazama. Shemeji yako aliyesoma informatiki anakutazama zaidi. Unataka mambo mawili: mashine ipone, na sifa ziwe zako. Yote mawili yanapatikana bila chuo. Yanahitaji njia za mkato, nami nitakupa zote ninazozijua, kwa sababu inaniuma kuona mtu mwenye mshahara mdogo akiuziwa madabodi mpya ilhali ugonjwa ulikuwa vumbi.

1. Usipige Windows upya.

Hii ndiyo dawa inayoandikiwa kila mgonjwa. Fundi anaipenda kwa kuwa haimchoshi akili: anachomeka flash, anakunywa chai, anapokea pesa. Wewe unaipenda kwa kuwa inaonekana kazi kubwa. Lakini kama mashine inazimika kwa joto, Windows mpya itazimika kwa joto lile lile, na picha za harusi zitakuwa zimekwenda. Iache iwe ya mwisho kabisa. Leo nakili mafaili yako kwenye flash au diski ya nje kabla hujagusa skrubu. Aliyekwisha kuficha mali yake hatetemeki mikono, na watu wakikuona hutetemeki wanaanza kukuamini.

2. Fungua daftari.

Pita kwenye lango la kiwanda chochote pale Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, kuanzia Brarudi hadi karakana ndogo ya nyuma, utamkuta mlinzi na daftari lake: nani kaingia, saa ngapi, na gari gani. Iba wazo hilo. Weka daftari la shule karibu na kompyuta, na kila ikizimika andika tarehe, saa na dakika, ulikuwa unafanya nini, feni ilikuwa inanguruma au kimya, na mashine ilizimika kwa namna gani.

Ndiyo hila kubwa kuliko zote nitakazokupa, na ndiyo inayodharauliwa, kwa sababu kila mtu anaamini kichwa chake. Kichwa hukumbuka siku iliyokukera, si saa inayojirudia. Mistari ikianza kujaa utaona kwamba kile ulichokiita ovyo kina ratiba. Hakuna kompyuta inayozimika bila sababu. Kuna mwenye kompyuta ambaye hakuandika saa.

Kwa wewe unayeishi jirani na viwanda, saa ina maana ya pekee. Mota kubwa ya kinu au ya kompresa, ikiwashwa moja kwa moja bila kifaa cha kuituliza, huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule inaoutumia ikishaanza kuzunguka vizuri. Katika sekunde hizo volti hushuka kwenye laini nzima, na nyumba iliyo mwisho wa waya ndiyo inayopunjika zaidi. Wewe huoni kitu. Kompyuta inaona. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani wimbi moja huchukua milisekunde 20, na pawasaplai ya kawaida ya kompyuta ya mezani imetengenezwa kuvumilia kukosa umeme kwa milisekunde 16 au 17 tu ikiwa na mzigo wote. Haifiki hata wimbi moja. Na hiyo ni pawasaplai mpya. Yako ilifika Bujumbura ikiwa imeshastaafu kwenye ofisi fulani ya ng'ambo, na kapasita zake hazihifadhi tena kile zilichokuwa zikihifadhi ujanani.

Basi fanya hivi. Tafuta balbu moja ya zamani, ile ya waya ndani, iwashe chumba kile kile. Taa za LED nyingi zinaficha kushuka kwa volti. Balbu ya waya inafifia waziwazi. Kisha muulize kijana anayefanya kazi kinuni huwasha mashine saa ngapi asubuhi na saa ngapi baada ya chakula. Saa zake zikikubaliana na daftari lako, umeshamaliza uchunguzi, na hukufungua hata kasha. Nunua stabilaiza, au bora zaidi UPS, na uikabidhi kwa familia kwa uso wa mtu aliyetafakari sana.

Bado kuna saa moja zaidi ya kuandika: ile ambayo umeme umerudi. Umeme wa REGIDESO, shirika letu la umeme, unasafiri mbali kabla ya kufika kwako. Mwingine unatoka Rwegura, kule Kibira, megawati 18 tangu 1986. Mwingine unatoka mto Ruzizi, unaogawanywa na Congo na Rwanda. Na tangu 2023 upo wa Rusumo, ambako megawati 80 zinagawanywa kwa nchi tatu, Burundi, Rwanda na Tanzania. Ukikatika, kila friji na kila pampu ya mtaa hubaki imewashwa ikisubiri. Ukirudi, vyote vinaruka kwa pamoja. Dakika hizo za kwanza ndizo zinazoua kompyuta za watu wenye haraka. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, kunywa maji, salimia jirani, subiri volti zitulie, ndipo uchomeke. Wakikuuliza kwa nini unasubiri, waambie unaisikiliza laini. Ni kweli unaisikiliza.

3. Angalia imekufaje.

Vifo vya kompyuta viko vitatu, na kuvitofautisha kunakupa heshima kuliko cheti. Kikiwa cha ghafla, kama mtu kachomoa waya, shuku umeme, pawasaplai au joto. Skrini ya bluu ikitokea, shuku RAM, draiva au diski. Ikiganda, picha imesimama na sauti inajirudia neno moja, shuku diski, kadi ya picha au tena RAM. Si sheria ya mahakama, lakini inakuondolea nusu ya kazi.

Ipo alama ndogo ambayo wengi hawaijui. Kompyuta ikizimika kwa joto, mara nyingi inakataa kubaki imewaka ukiiwasha papo hapo, lakini ukiiacha ipoe inawaka bila tatizo. Iliyozimika kwa mtikisiko wa umeme inawaka mara moja, kana kwamba haikutokea kitu. Andika hilo pia.

4. Iache mashine iungame yenyewe.

Kwa nini uumize kichwa wakati mtuhumiwa anaandika kila kosa lake? Windows yako labda inaongea Kifaransa, ya jirani inaongea Kiingereza, na menyu hazifanani. Usihangaike na menyu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika perfmon /rel, bonyeza kuingiza. Utaletewa kalenda yenye misalaba myekundu, siku baada ya siku, kila anguko na tarehe yake. Ilinganishe na daftari. Programu au draiva iliyowekwa siku moja kabla ya msalaba wa kwanza ina kesi ya kujibu. Iondoe, subiri, uone.

Ukitaka kuwanyamazisha wasomi, fanya vile vile lakini andika eventvwr. Kwenye rekodi za mfumo tafuta Kernel-Power yenye namba 41. Hiyo namba 41 yenyewe haisemi kitu zaidi ya kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Watu wengi wanaishia hapo na kuanza kulaumu Windows. Wewe fungua maelezo yake na usome namba iliyoandikwa kwenye BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mashine haikupata hata nafasi ya kuonyesha skrini ya bluu, kwa hiyo rudi kwenye umeme, pawasaplai na joto. Ikiwa 26, anza na RAM. Ikiwa 122, diski ilishindwa kurudisha kile ilichoombwa, basi nakili mafaili kwa haraka. Ikiwa 292, kifaa chenyewe kimelalamika, mara nyingi prosesa, joto lake au umeme wake. Ziandike namba hizi nne kwenye jalada la daftari. Ukizitaja mezani bila kutazama popote, maswali yanapungua sana.

5. Joto na vumbi.

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita zisizofika 800 juu ya bahari, na jua lake unalijua. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka pia ndani ya kasha. Kiangazi kikifika, vumbi la barabara za malori linaingia kwenye feni, linachanganyika na unyevu wa ziwa, linageuka blanketi juu ya prosesa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza mwendo, na isipopata nafuu inajizima ili isiungue. Inajiokoa. Wewe unaiita mbovu.

Hila hapa ni rahisi hadi inatia aibu: vua ubao wa pembeni wa kasha, elekeza feni ya chumbani ndani, tumia kompyuta kama kawaida kwa siku kadhaa. Ikiacha kuzimika, jibu umelipata. Sasa izime, ichomoe, itoe nje, pangusa feni na mapezi ya shaba au alumini kwa brashi laini ya rangi. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Kama mashine ina miaka mingi, toa kipoozi, futa pesti iliyokauka na uweke mpya, kiasi cha punje ya choroko. Ukikuta mjusi au kiota cha mende, usipige ukelele. Onyesha familia kwa utulivu, kisha endelea.

Na uitoe kompyuta ndani ya kabati. Najua kwa nini iko ndani ya kabati: kitambaa cha kufuma kinapendeza. Inakosa hewa.

6. RAM, kifutio na mbingu.

Nunua kifutio cha penseli. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma cha kasha ili mwili wako usibebe cheche, kisha toa RAM. Yale meno yake ya dhahabu yafute polepole kwa kifutio, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka isikike ikibofya pande zote mbili. Unyevu wa kando ya ziwa hufanya mguso uwe mbaya, na mashine nyingi zimefufuka kwa kifutio peke yake. Fanya kazi hii watu wakiwepo.

Isipotosha, na kama una RAM mbili, toa moja. Tumia siku chache. Badilisha, weka ile nyingine. Kimoja kwa wakati, ndugu yangu. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya, na mwezi ujao utalipia vyote vitatu tena. Kabla ya kulala, bonyeza tena Windows na R, andika mdsched na uiache ijipime. Kosa hata moja likitokea, RAM hiyo si ya kuaminika, wala usimuuzie mtu.

Kuna watakaokwambia kompyuta hukosea kwa miale ya angani. Hawadanganyi. Tarehe 18 Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, kompyuta ya kupigia kura huko Schaerbeek, Brussels, ilimwongezea mgombea mmoja kura 4,096. Zilipohesabiwa upya, kosa halikurudi. Namba 4,096 ni mbili kwa kipeo cha 12, kwa hiyo wachunguzi waliona kwamba biti moja tu ilikuwa imejigeuza, na chembe kutoka angani ikatajwa kuwa mshukiwa. Kisa kizuri, kisimulie. Lakini usikitumie kama kisingizio. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na Google walichapisha uchunguzi wa RAM kwenye seva nyingi mno, wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya RAM zilipata makosa ndani ya mwaka, na kwamba ubovu wa kifaa chenyewe ndio uliotawala, si chembe za kupita. Mbingu hukosea mara moja na kuondoka. Linalorudi kila wiki limo ndani ya kasha lako.

7. Isafirishe kompyuta.

Ukichoka kupima, hamisha mgonjwa. Mpelekee ndugu yako kasha peke yake, likae kwake siku chache, likiwa na kazi zile zile. Isipozimika huko hata mara moja, kompyuta yako ni nzima na nyumba yako ndiyo inayoumwa: soketi iliyolegea, waya uliounganishwa kwa selotepu, upanuzi mmoja unaobeba friji, pasi na televisheni, au waya wa athi ambao haujawahi kuwepo. Ikizimika na huko pia, umeiondolea REGIDESO lawama, nawe unajua ugonjwa unasafiri na kasha.

Chagua ndugu wa upande wako, Buyenzi au Ngagara. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuk-tuk zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, na kompyuta ya mezani si mzigo wa kubeba begani kutoka kituo hadi kituo. Usimwambie ndugu kwamba unaipima nyumba yake. Mwambie watoto wake waitumie.

8. Pawasaplai usiifungue.

Narudia, usiifungue hata ukiwa na bisibisi nzuri na watazamaji wengi. Ndani yake kuna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Hakuna sifa ya kufa kwa hilo.

Pima kwa nje. Muombe fundi wa pikipiki akuazime multimita. Kompyuta ikiwa inafanya kazi, kwenye plagi ya ziada yenye waya nne, kati ya waya wa njano na mweusi unatakiwa kusoma volti 12, isipungue 11.4 wala kuzidi 12.6. Kati ya mwekundu na mweusi, volti 5, kuanzia 4.75 hadi 5.25. Ikisoma 11.2 wakati mchezo wa watoto umefunguliwa, umemkamata. Kama huna multimita, mpunguzie mzigo: chomoa DVD, diski ya pili, kadi ya picha ikiwa madabodi ina ya kwake. Akiacha kuanguka, alikuwa amelemewa. Au azima pawasaplai ya jirani kwa siku mbili. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho.

Ukiwa hapo, tupia jicho kapasita za madabodi, vile vikopo vidogo vilivyosimama. Vichwa vyake viwe bapa. Vikivimba au kutoa uchafu wa kahawia, ndicho chanzo. Kati ya miaka ya mwisho ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000 dunia nzima ilijaa kapasita mbovu. Dell pekee ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kurekebisha OptiPlex zake zenye tatizo hilo, GX270 na GX280. Mashine za namna hiyo zilikuja Afrika kwa makontena baada ya ofisi za Ulaya na Marekani kuzichoka. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri anaweza kubadilisha kapasita hizo kwa bei ndogo kuliko madabodi. Mpe kazi yeye, siyo muuza madabodi.

9. Ukienda kwa fundi, nenda na daftari.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwonyeshe kila kitu: saa, namba, ulichobadilisha na kilichotokea. Fundi mwema atafurahi kwa sababu umemwokolea siku nzima. Fundi mwenye tamaa ataona mtu asiyedanganyika kirahisi, na bei itashuka kabla hujafungua mdomo. Akisema tu kwamba atapiga Windows upya, muulize kwa heshima kama Windows mpya itapandisha ile 11.2 iwe 12. Kisha nyamaza, umwachie nafasi ya kujirekebisha bila aibu.

10. Kushindwa kwa heshima.

Siku nyingine utapima yote na itabaki madabodi yenyewe, au prosesa, na bei yake itakuwa kubwa kuliko kompyuta nzima ya mtumba. Usiseme umeshindwa. Waite nyumbani na uwasomee walio hai: diski hai, RAM hai, skrini hai, kibodi ya AZERTY hai isipokuwa ile herufi moja. Kisha mtaje marehemu mmoja. Watu hukumbuka orodha ya waliookoka.

Toa diski kabla kasha halijaondoka nyumbani. Ndani yake mna vitambulisho vyako vilivyopigwa picha, barua, na siri za familia, na mnunuzi wa chuma chakavu hana haja navyo. Feni na nyaya ziweke kwenye boksi kavu. RAM nzima mpe jirani anayeteseka na skrini ya bluu, lakini mweleze jinsi ya kutumia kifutio kwanza, huenda hata haihitaji. Na ile pawasaplai uliyoazima irudishe leo leo, ikiwa imepanguswa vumbi, kwa sababu kompyuta utakayonunua nayo itatoka kwenye kontena lile lile, na utaiazima tena.